Nati ya Kushoto

Nyongesa aling'olewa jino kwa sababu ya nati. Usicheke. Nati ya chuma, nene, yenye kutu na mafuta meusi ya miaka mingi. Kwa ajili yake alipigwa kichwa cha mdomo kule Kisenyi mbele ya umati, jino likaenda zake na shati lake likajaa damu.

Ilikuwa hivi. Yeye na mwenzake Dawudi walikuwa wanaunga mashine ya useremala, ile ya kizamani ya Kiingereza ambayo moja inafanya kazi za nne: inapasua mbao, inaranda, inasawazisha unene na kutoboa matundu ya viungo. Mwili wake wa chuma waliukuta nyuma ya karakana ya Cleopas, Ntinda, umefunikwa mabati na kuku wanatagia ndani. Cleopas alikuwa Mkenya kama Nyongesa, tena wote watu wa Bungoma, ila mmoja ana karakana na magari na mwingine ana randa ya mkono na msumeno. Cleopas akawaambia, "Hiyo takataka chukueni, mnisafishie uwanja." Alilisema mchana kweupe, anacheka, mafundi wake wote wanasikia. Likumbuke neno hilo, maana mwenyewe alikuja kulisahau.

Wakaibeba hadi kibanda chao cha Makindye. Dawudi ni Mnubi wa hapo hapo Makindye, baba yake alikuwa fundi katika karakana ya jeshi, na mashine za namna hii alizifahamu tangu anavaa kaptula. Lakini chuma bila viungo vyake kitakusaidia nini? Wakaanza kutafuta. Kichwa cha visu vya kurandia walikikuta Katwe kwa fundi baiskeli, anakigongea nyundo kunyoosha spoki. Roli ya kuvutia ubao ilikuwa Kalerwe, kwa mama mmoja anaitwa Moreen, anasagia karanga. Moreen hakutaka kusikia habari za mashine ya mtu. Alishika panga akasema atakayeigusa atarudi kwao na mkono mmoja, na kwa jinsi alivyolishika ilionekana si mara yake ya kwanza. Ikabidi Dawudi amchongee kinu na mchi wa mvule, kazi safi, ndipo Moreen akaachia.

Shafti ya msumeno, kile chuma kinachobeba diski yake, pamoja na nati, ilikuwa Kisenyi kwa Heritier, Mkongomani muuza vyuma chakavu. Walipofika, pande la mtu kutoka Jinja lilikuwa limeishika shafti ile linataka kwenda kuifanyia mtaimbo. Mtaimbo! Nyongesa alipandwa na hasira, akamwambia yule mtu maneno kuhusu mama yake mzazi. Ndipo akala kichwa. Alianguka juu ya rundo la vyuma, na yule mtu akamfuata na teke la mbavu, na la pili, na angempa la tatu kama si Dawudi. Huyu Dawudi ni mpole, mtu wa sala tano, sauti yake huisikii hadi umsogelee. Aliokota bomba la ekzosi ya gari akampiga yule mtu nyuma ya magoti, na alipoanguka akampiga tena begani, mfupa ukalia. Kisha akaliweka bomba chini taratibu na kumwuliza Heritier, "Tuendelee na biashara?" Heritier alicheka hadi machozi, akawauzia.

Njiani kurudi, Nyongesa anatema damu, Dawudi akaichezesha nati kwenye vidole vyake virefu.

"Tazama ndugu yangu. Hii ni nati ya kushoto. Ukitaka kuifunga unaizungusha upande ambao nati zingine zinafunguka. Unajua kwa nini?"

"Niache, mdomo unaniuma."

"Kwa sababu ya vile msumeno unazunguka. Ukizunguka sawasawa, nati inajikaza yenyewe. Lakini mota ya fezi tatu, ukikosea nyaya mbili tu, hii hapa na ile kule, inazunguka kinyume. Nati inafunguka. Diski ya msumeno inatoka inaruka. Baba aliona mtu amekufa hivyo karakanani, amepasuliwa kutoka hapa hadi hapa." Akajionyesha kutoka kitovuni hadi kidevuni. "Basi ukiunga nyaya, unazungusha kwanza bila diski, unatazama. Usisahau."

Nyongesa hakusahau.

Siku mashine ilipowaka pale Makindye, majirani walikuja kushangaa. Ubao mbichi ulioingia upande mmoja umepinda na una magome ulitoka upande wa pili unateleza. Dawudi aliupapasa ubao ule na viganja vyote viwili, machozi yakamtoka hata hakujificha. Wateja wakaanza kuja. Na habari zikafika Ntinda.

Cleopas alikuja asubuhi, na lori, na vijana wake. Mbele yao alikuwa Olal, msimamizi wake, mtu wa miraba minne ambaye alikuwa na tabia ya kutazama chini anapoongea nawe, utafikiri ana haya.

"Hii mashine ni yangu," Cleopas akasema. "Ilitoka kwa uwanja yangu. Mmenitengenezea, asanteni. Pakieni."

Nyongesa alimjibu kwa Kibukusu, lugha ya kwao, na aliyomjibu hayaandikiki. Vijana wakamkamata, wakamlaza kifudifudi kwenye vumbi la mbao, mmoja akamkalia shingoni. Kwa jicho moja ndiyo aliona yaliyofuata, na afadhali wangempofua.

Dawudi hakumtukana mtu. Alikwenda akauweka mkono wake wa kulia juu ya meza ya msumeno, vidole ametanua, akasema polepole, "Bosi, ulitupa wewe mwenyewe. Mashine haitoki hapa."

Cleopas alimtazama Olal tu. Olal akaangalia chini, akaona nyundo kubwa ya Dawudi mwenyewe imesimama penye mguu wa mashine, akaichukua na kuishusha kwenye ule mkono.

Pigo la kwanza Dawudi alipiga ukelele ambao akina mama wauza ndizi waliokuwa ng'ambo ya barabara waliusikia. La pili lilipomfikia alikuwa hana sauti tena. Alikaa chini, ameukumbatia mkono ule tumboni, anautazama. Nyongesa alikuwa anafurukuta chini ya watu wale, anakula vumbi, anatapika, analia. Wakaipitisha mashine juu ya vichwa vya wale wawili, wakaipakia kwenye lori. Kifuniko cha kukinga msumeno kilikwama kwenye mlango, wakakivunja na mtaimbo, wakakitupa hapo.

Kituoni waliambiwa huo ni ugomvi wa washirika, wakapatane. Hospitali ikavikata vidole viwili vya Dawudi, na vingine vitatu vikabaki vimekauka, havikunji wala havinyooki. Seremala huyo.

Nyongesa alikwenda kumwona nyumbani. Dawudi alikuwa amelala, au amejifanya kulala. Mkewe, Zulaika, alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Shemeji, yule mtu nitamuua," Nyongesa akasema. "Haki ya Mungu nitamuua."

Zulaika hakuinua macho. "Usiapie ndani ya nyumba yangu. Kama unataka kumsaidia mwenzio, mtafutie kazi isiyotaka vidole. Watoto wanakula kila siku, shemeji, hawangoji wewe umalize hasira."

Nyongesa akayachukua maneno yale kuwa ni woga wa kike. Tangu siku hiyo hakurudi. Ule mkono uliofungwa bendeji ulimtesa, hakuweza kukaa nao chumba kimoja. Dawudi alimpigia simu, hakupokea. Akapiga tena na tena, hakupokea. Alijiambia atakwenda siku atakapokuwa ameshaulipia mkono ule, ndipo atamtazama mwenzake usoni. Mjinga. Mtu akikupigia simu hivyo ana jambo la kukuambia.

Ikapita miezi. Nyongesa alirudi kwenye randa ya mkono, anatengeneza stuli na mbao za kukatia mboga. Usiku alikuwa analala na hasira, asubuhi anaamka nayo. Hata sala ya kanisani alikuwa anaisema midomo tu, moyoni anamwona Cleopas amelala chini, anaona damu, anafurahi.

Siku moja akasimama mtu mlangoni akitazama chini. Olal.

"Bosi nasema wewe kuja Ntinda. Mashine inatushinda," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

Nyongesa alikuwa na patasi mkononi. Aliipima shingo ya Olal kwa macho, hapo penye mshipa, akaona inawezekana kabisa. Kisha akaiweka patasi mezani. Olal alikuwa mkono tu. Kichwa kiko Ntinda.

"Inawashinda vipi?"

"Inatetemeka. Juzi ilirusha ubao, ikapasua dirisha ya ofisi. Wengine naogopa hata kuiwasha."

"Nitakuja," Nyongesa akasema, na Olal akainua macho kwa mara ya kwanza, maana alikuja amejiandaa kwa matusi au kipigo na hakupata hata kimoja.

Basi akaenda. Na hapa sitaki kumpaka mtu mafuta: alipoiona mashine ile imefungwa ovyo, miguu juu ya matofali, mkanda umelegea, visu vya randa vimewekwa kila kimoja na urefu wake, roho ilimuuma kwa ajili ya mashine yenyewe. Aliiteremsha yote. Akaisimamisha upya kwa pima maji, akaipigia vipande vya bati chini ya miguu hadi ikatulia. Akabadilisha beringi. Akaweka visu akivipima kwa kijiti cha mbao, anazungusha kichwa kwa mkono, anasikiliza kila kisu kinavyokigusa kijiti, anakaza, anarudia. Kazi ya kweli aliifanya. Na kazi ile yote mkono wake ulikuwa unafanya jambo moja na moyo unafanya lingine.

Maana karakana zile za Wakenya kule Ntinda zilikuwa na desturi yao. Mashine mpya, au iliyoungwa upya, haianzi kazi hivi hivi. Hualikwa wateja na mchungaji, huletwa viti na soda, na mwenye mashine mwenyewe, na suti yake, hukata ubao wa kwanza. Kisha ubao ule hugongewa juu ya mlango. Fundi aliyeiunga husimama pembeni, kwenye swichi, na kazi yake ni kuwasha anapoambiwa. Cleopas alikuwa na mbao za namna hiyo juu ya mlango wake, zimepangwa, na hakuna aliyewahi kuona mtu mwingine akikata ubao wa kwanza katika karakana ya Cleopas. Kusifiwa kulikuwa chakula chake.

Mwenye mashine atasimama mbele ya msumeno. Fundi atakuwa kwenye swichi. Kifuniko walikivunja wenyewe. Unaona sasa kilichokuwa kinazunguka kichwani mwa mtu yule.

Alasiri ya mwisho akaiwasha mbele ya Cleopas. Ilinguruma sawasawa, upande sahihi, bila kutetemeka. Cleopas akampiga bega. "Ndugu yangu, mambo ya nyuma tuyaache. Kesho utaona jambo. Nimekuandalia kitu kitakufurahisha."

"Sawa, bosi," Nyongesa akasema.

Kesho yake alifika kabla ya watu. Akafungua kisanduku cha mota, akabadilisha nyaya mbili, hii hapa na ile kule. Akailegeza nati hadi ikabaki inashikwa na vidole tu. Akafunga kisanduku, akajifuta mikono, akangoja. Alishangaa mwenyewe jinsi alivyokuwa mtulivu.

Watu wakaja. Hema lililofungwa mbele ya karakana likajaa, soda zikafunguliwa. Mchungaji akaomba, akaibariki mashine na mikono yote itakayoigusa. Nyongesa alisimama penye swichi, amefumbua macho wakati wa sala, anaangalia kitambi cha Cleopas ndani ya suti ya kijivu, anapima kimo cha diski na kimo cha kitambi. Vinalingana. Ndipo akamwona Zulaika kati ya akina mama, amevaa vizuri, ameshika chupa ya soda hainywi. Akashtuka. Huyu amefuata nini hapa?

Cleopas akasimama kutoa hotuba.

"Ndugu zangu, shetani alipita kati yetu. Mimi nilimkosea mtu, na mkosaji ni mimi. Nilienda kwake nyumbani, nikaketi kwa mkeka wake, nikamwomba msamaha mbele ya wazee wa msikiti, naye akanisamehe. Kuanzia leo ndiye msimamizi wa mashine hii, mshahara wa kila mwezi, mpaka uzee. Kwa hivyo ubao wa kwanza leo sitakata mimi. Atakata mwenyewe."

Mlango wa ofisi ukafunguka. Akatoka Dawudi, amevaa ovaroli mpya ya buluu, mkono wa kulia ameuficha mfukoni. Alikuwa amekonda. Watu wakapiga makofi, na yeye akaja moja kwa moja hadi kwa Nyongesa, uso unang'aa.

"Ndugu yangu, nimekupigia simu wewe, ukapotea. Nilitaka ujue kwangu kwanza."

Nyongesa aligeuka akakitazama kisanduku cha mota.

Dawudi akasimama mbele ya msumeno, pale pale palipopimwa kwa ajili ya kitambi cha mwingine. Akauchukua ubao kwa mkono wa kushoto, akautengeneza mezani akiusaidia kwa kifua na kile kiganja kilichokauka. Mtu yeyote angeona anavyohangaika. Akainama karibu zaidi ya vile mtu mwenye mikono miwili mizima angeinama.

"Washa," Cleopas akasema.

"Bosi, desturi ni mwenye mashine akate," Nyongesa akasema. "Kata wewe."

"Nimeshasema. Washa."

"Mota ina matatizo."

"Jana haikuwa na matatizo. Nyongesa, usituharibie siku. Washa."

Watu wakaanza kunong'ona. Hapo njia zilikuwa mbili tu, na Nyongesa alizitafuta zingine akazikosa. Akisema, amekwisha. Asiposema, Dawudi amekwisha.

"Nimegeuza nyaya," akasema. "Nati iko wazi. Dawudi, toka hapo."

Dawudi akamtazama bila kuelewa, kisha nikuambie ukweli, alielewa kabla ya wote. Lakini Olal hakuelewa. Yeye aliona tu mtu mwenye kinyongo anamwaibisha bosi wake mbele ya wageni. Akamsukuma Nyongesa kwa bega lake lile, akabonyeza swichi.

Nyongesa aliruka. Alimshika Dawudi kiunoni na kumbwaga chini, wakaanguka wote juu ya saruji, na juu yao mashine ikapiga ukelele. Nati ilikwenda kwenye mabati ikatoboa. Diski ikapanda kutoka mezani, ikashuka sakafuni, ikarusha cheche, ikaruka tena, ikapita kwenye viti vya mbele. Kiti cha mchungaji ilikikata mgongo, mwenyewe ameshajitupa chini. Kamba ya hema ikakatika, turubai likashuka juu ya vichwa vya watu, kreti za soda zikapasuka, na diski ikajichoma kwenye milango ya mahogani iliyopangwa ukutani, ikabaki inatetemeka. Watu walikanyagana kutoka. Viatu vilibaki, mikoba ikabaki. Olal alikuwa amekaa chini ameshika sikio, na kati ya vidole vyake damu inatiririka.

Mtu mmoja akazima umeme.

Kisha wakaanza kumpiga. Vijana wa Cleopas walimvuta Nyongesa miguu hadi katikati ya uwanja wakampiga kwa mbao, kwa buti, kwa mkanda wa mashine. Hakujikinga. Walimvunja mbavu, wakampasua nyusi, na Olal alipokuja na sikio lake linaning'inia walimwachia nafasi, naye akampiga usoni mpaka mkono wake mwenyewe ukachoka. Zulaika alikuwa amejifunika uso kwa leso yake. Dawudi alikuwa amesimama, anatazama.

"Simameni," Dawudi akasema hatimaye. Hakupaza sauti, lakini wakasimama.

Akaja akachuchumaa mbele ya Nyongesa.

"Diski hii ilikuwa ya nani?"

Nyongesa akatema damu. "Ya Cleopas."

"Kama angesimama Cleopas, ungenyamaza?"

"Ningenyamaza."

"Ungebonyeza mwenyewe?"

"Ningebonyeza. Kwa ajili yako. Kwa ajili ya mkono wako."

Dawudi akautoa mkono ule mfukoni. Ndiyo mara ya kwanza Nyongesa kuuona bila bendeji, na alitamani kufumba macho, akashindwa.

"Mkono ni wangu," Dawudi akasema. "Nimeulilia mimi. Nimeusamehe mimi, na kusamehe kwenyewe kulinichukua usiku mwingi ambao wewe hukuwepo. Nani alikutuma? Nilikutuma mimi? Zulaika alikutuma? Hukuja hata kuniuliza naulaje wali." Sauti ikamkatika. "Na mimi ningekuwa msimamizi wa mashine iliyoua mtu. Watoto wangu wangekula nini, Nyongesa? Kiapo chako?"

Nyongesa alilia, si kwa ajili ya mbavu.

Cleopas, suti imejaa soda na vumbi, akataka polisi waitwe. Dawudi akakataa. Akasema polisi hawaingii katika jambo hili kama ambavyo hawakuingia katika lile la kwanza, na Cleopas akairudisha simu yake mfukoni. Kisha Dawudi akasema, "Kazi yangu inaanza leo. Nitakata ubao wangu leo. Mwinueni arudishe nyaya."

Wakamwinua. Alitambaa hadi kwenye mota, damu inamtiririkia kwenye jicho, akarudisha nyaya mahali pake, hii hapa na ile kule. Wakamtafutia nati iliyokwenda kwenye mabati, wakamletea diski nyingine. Akaifunga, akaikaza kwa spana kwa nguvu zote zilizobaki. Akazungusha kwa mkono, akatazama, akazungusha tena. Dawudi naye akatazama, akaikagua nati mwenyewe kwa mkono wa kushoto, hakumwamini. Hakumwamini kabisa, na alimwacha aone kuwa hamwamini.

Dawudi akawasha mwenyewe. Mashine ikanguruma upande sahihi. Uwanjani walibaki wachache tu, vijana, Cleopas, Zulaika amesimama penye viti vilivyopinduka. Dawudi akaingiza ubao. Kwa mkono mmoja mzima na mmoja mkavu, ubao ulikuwa unakwenda huku na huku, unataka kubana msumeno, na kila seremala anajua ubao ukibana unakurudia tumboni. Ulihitaji mtu wa kuupokea upande wa pili, auvute taratibu na kuunyoosha. Siku zote pale Makindye, mtu huyo alikuwa Nyongesa.

Hakungoja kuitwa. Alijiburuta hadi upande wa pili wa meza, akasimama kwa kujishikilia, akaupokea ubao, ukanyooka, msumeno ukaanza kuimba vizuri.

Dawudi akainua macho, akamwona.

"Achia," akasema.

"Utabana, Dawudi."

"Nimesema achia ubao wangu."

Nyongesa akauachia. Ukakatika umepinda vibaya, kipande kimoja kinene, kingine chembamba, na Dawudi akausukuma peke yake hadi mwisho.